Mafua Yameingia Nyumbani: Mwongozo wa Kuutunza Mdomo Usiwe Njia ya Virusi

Nyumbani kwetu mafua huanza na mmoja. Siku ya tatu nyumba nzima inapenga kamasi, na kila mtu ana wa kumlaumu: vumbi, mvua ya jana, maji ya barafu, feni iliyowashwa usiku kucha. Mdomo hautajwi. Ukitajwa, hutajwa kinyume: mzima anafumba wake akipita karibu na mgonjwa, huku mgonjwa mwenyewe anaendelea kupiga soga, kupuliza uji wa mtoto na kuonja mchuzi kwa mwiko ule ule anaokorogea.

Hatua hizi ni za siku ambazo mafua ya kawaida, homa ya mafua au korona imeshaingia ndani na hakuna pa kuihamishia. Msingi wake ni mmoja: kwa virusi vingi vya njia ya hewa, kinywa ni mlango wa kutokea kuliko wa kuingilia. Ndiyo maana kazi nyingi hapa chini ni za anayeumwa, si za anayemkimbia.

Hatua ya 1: Jua virusi vinapitia wapi

Mwaka 1981 Caroline Hall na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la watu wazima waliojitolea kuwekewa matone yenye kirusi cha RSV, kile kinachowabana vifua watoto wachanga. Wengine waliwekewa puani, wengine machoni, wengine mdomoni. Pua na macho viliambukizika vizuri tu. Mdomoni kirusi hakikufua dafu. Walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Rhinovirusi, ambavyo ndivyo vinavyoleta sehemu kubwa ya mafua ya kawaida, navyo vina tabia hiyo hiyo: hupenda pua, na jicho lililofikichwa kwa kidole huwapa njia ya kushukia puani.

Korona ina mambo yake. Mwaka 2021 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba kirusi chake huingia hadi kwenye seli za tezi za mate na za ngozi laini ya ndani ya kinywa, kwa sababu seli hizo zina kipokezi cha ACE2 ambacho kirusi hukitumia kama kitasa. Humo kinazaliana, kisha kinatoka na mate, hata kwa mtu asiye na dalili. Hiyo ni sababu mojawapo ya vipimo vya mate kufanya kazi; kile cha Chuo Kikuu cha Yale kiliruhusiwa Marekani Agosti 2020.

Homa ya mafua, ile kali inayolaza mtu na kumvunja viungo, nayo ina sehemu yake: kaakaa laini, pale nyuma juu, karibu na kimio. Mwaka 2015 watafiti waliowachunguza ferreti, wanyama wa jamii ya kicheche ambao huugua homa ya mafua karibu kama binadamu, waliona kwamba hapo ndipo virusi vilivyokuwa hodari wa kuruka kutoka mnyama mmoja hadi mwingine vilipostawi. Ukifikiri mahali penyewe palipo, utaona mantiki: kila kikohozi na kila neno linapita chini yake.

Mate yenyewe si adui. Tezi zinatoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na ndani yake kuna ute unaonasa virusi pamoja na kingamwili za kupambana navyo. Mate ya mtu yanamlinda yeye mwenyewe. Shida inaanza yanaporuka.

Hatua ya 2: Anayeumwa ashushe sauti

Hii ndiyo hatua ninayoiona kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyosemwa. Tunajua kikohozi na chafya. Hatujui kwamba mtu anayeongea kwa saa nzima naye anatoa chembechembe bila kukohoa hata mara moja.

Jaribu hivi. Weka kiganja mbele ya midomo, karibu kabisa, useme "mama, mama". Kisha sema "pilipili, papa, pole pole". Utahisi pumzi ya P inavyopiga mkono. Watu wa Mombasa na Lamu, wanaotofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa nguvu ya pumzi tu, watalielewa jambo hili haraka kuliko wengine. Midomo inapofumbuka kutamka P au B, utando mwembamba wa mate uliokuwa katikati yake huvutika kama nyuzi, nyuzi zikakatika, zikawa matone. Watafiti wawili, Manouk Abkarian na Howard Stone, waliyapiga picha hayo kwa kamera za kasi mwaka 2020. Waliona pia kwamba mafuta ya midomo yaliyapunguza matone kwa kiasi kikubwa. Hawakupima kama yanapunguza maambukizi, kwa hiyo usiyatumie badala ya barakoa. Lakini midomo ya mwenye homa hupasuka hata hivyo, ipake.

Mwaka huo huo kundi jingine lilimulika matone ya mtu anayesema kwa sauti kubwa kwa mwanga wa leza, ndani ya kisanduku chenye hewa iliyotulia isiyotoka wala kuingia. Mengine yalielea kati ya dakika 8 na 14. Chumba kilichofungwa madirisha kwa kuogopa "baridi isimpige mgonjwa" kinafanana sana na kile kisanduku chao.

Na kisa cha kwaya kinajulikana. Machi 10, 2020, katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya ya saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Baadaye 53 walihesabiwa kuwa wameugua korona, 33 wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo, na wawili walifariki.

Kwa hiyo, kwa vitendo:

- Mgonjwa aongee kidogo na kwa sauti ya chini. Kama ana la kumwambia mtu wa chumba cha pili, aitwe aje mlangoni, asipigiwe kelele kupitia ukumbini. Simu ipo, ujumbe mfupi hauna mate.
- Asiende kwaya, kaswida wala mazoezi ya taarabu mpaka apone. Kama kikundi hakiwezi kuahirisha, kiimbe nje chini ya mwembe.
- Madirisha mawili ya pande tofauti yawe wazi mchana. Kwenye daladala au matatu, aliye karibu na dirisha alifungue, hata kama abiria wa nyuma atanung'unika.
- Barakoa avae mgonjwa kwanza, tena ifunike pua na mdomo. Ile inayoning'inia kidevuni inalinda kidevu.
- Akikosa barakoa, akohoe ndani ya kiwiko. Leso ya kitambaa nayo inafaa, mradi isirudi mfukoni ikatoka tena kumfuta mtoto uso.

Zamani wataalamu waligawa matone makubwa yanayoanguka na chembe ndogo zinazoelea kana kwamba ni vitu viwili tofauti. Aprili 2024 Shirika la Afya Duniani liliachana na mpaka huo mkali, likasema zote ni chembe zinazotoka na pumzi, za ukubwa wa kila namna. Kwako maana yake ni nyepesi: kukaa mbali kidogo kunasaidia, hewa inayopita inasaidia zaidi, na vyote viwili pamoja ndiyo bora.

Mwenye filimbi, tarumbeta au vuvuzela aiweke kabatini. Si utani. Baada ya Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini, watafiti wa London walipima vuvuzela wakakuta wastani wa chembe 658,000 kwa kila lita ya hewa inayotoka humo, ilhali anayepiga kelele kwa mdomo mtupu alitoa kama 3,700.

Hatua ya 3: Acha kupuliza

Uji wa mtoto ni moto, mama au bibi anapuliza kijiko, anaugusisha mdomoni mwake kupima, kisha anamlisha. Ni mapenzi, na hakuna anayeyakataa. Lakini mtu akiwa na mafua anampulizia mtoto usoni kutoka umbali wa kiganja, na pumzi ile inafika puani kwa mtoto, pale pale virusi vinapopapenda.

Badala yake mimina uji kwenye sahani pana, au uhamishe kutoka kikombe hadi kikombe kama mara sita. Unapoa upesi kuliko kupulizwa. Kupima joto, dondosha tone ndani ya mkono karibu na kifundo, kama wanavyopima maziwa ya chupa. Chakula kisitafunwe na mtu mzima kisha apewe mtoto. Kiponde kwa uma. Na nyonyo ya chupa ikianguka ioshwe, isirambwe "kusafishwa".

Wauzaji wana yao pia. Anayepuliza mfuko wa karatasi ili ufunguke kabla ya kutia mandazi, anayelamba kidole kuhesabu noti, kondakta anayebana tiketi au noti kwa midomo kwa kuwa mikono yote miwili imeshika mlango. Ukiwa mnunuzi, unaweza kusema kwa upole, "Kaka, nifungulie kwa mkono tu." Mimi nimezoea kubeba kikapu changu na kitambaa ndani, mandazi yanaingia humo moja kwa moja na hakuna wa kuona haya.

Hatua ya 4: Vyombo vya kunywea

Kata moja kwenye mtungi, glasi moja ya wageni, kikombe cha kahawa chungu barazani ambacho muuzaji anakisuuza kwenye maji yale yale tangu alasiri. Joto la kahawa halisafishi ukingo wa kikombe, kwa kuwa ukingo haufikiwi na kahawa, unafikiwa na midomo. Mwenye mafua abebe kikombe chake cha nyumbani. Wazee wa baraza watacheka siku ya kwanza tu.

Kuhusu sabuni: virusi vya homa ya mafua, korona na RSV vimevikwa ganda lenye mafuta, na sabuni ya kawaida hulivunja ganda hilo. Rhinovirusi havina ganda la namna hiyo, hivyo kwao kazi ni ya kusugua na kusuuza kwa maji yanayotiririka mpaka viondoke. Kwa vyombo vya mgonjwa, sabuni, maji ya kutiririka na kuanika juani au kwenye kichanja vinatosha. Huhitaji kumtengea sufuria kama mtu aliyefukuzwa.

Kwenye pombe ya malwa ya Teso au busaa ya magharibi mwa Kenya, watu huzunguka chungu kimoja kila mtu na mrija wake mrefu. Wengi hudhani hatari ni mate kurudi chunguni. Nionavyo mimi hatari kubwa zaidi ni vichwa kumi kukaribiana kwa saa nne, vikicheka na kuimba. Mrija wa peke yako hautakuokoa na jirani anayekohoa begani mwako.

Hatua ya 5: Mkono na uso

Wanafunzi 26 wa udaktari nchini Australia walirekodiwa kwa video wakiwa darasani, na matokeo yakatolewa mwaka 2015: kwa wastani kila mmoja alijigusa uso mara 23 kwa saa. Karibu nusu ya miguso hiyo ilifika mdomoni, puani au machoni, na mdomo ndio ulioongoza. Hao ni madaktari watarajiwa.

Kumwambia mtu "usijiguse uso" hakufai kitu; mkono unakwenda wenyewe. Kinachofanya kazi ni kuupa shughuli na kuuosha katika nyakati chache zilizo muhimu: baada ya kupenga kamasi, baada ya kumhudumia mgonjwa, kabla ya kula, na kabla ya kumshika mtoto. Anayekula kwa mkono tayari ana desturi nzuri ya birika na beseni. Aongeze sabuni, maana maji matupu ya kupitisha vidoleni ni adabu zaidi kuliko usafi. Kijiti cha kuchokolea meno kikitumika kitupwe, kisibanwe mdomoni mchana kutwa kama sigara.

Hatua ya 6: Mswaki usiachwe wakati wa ugonjwa

Mtu akiwa na homa, kitu cha kwanza anachoacha ni mswaki. Kinywa kinanuka, ukoga unatanda, na hapo ndipo hatari ya pili inapoingia. Virusi vya njia ya hewa hukwangua ukuta wa mapafu, kisha bakteria waliokuwa wakiishi kwa utulivu kinywani na kooni huteremka kwa mate anayovuta mtu akiwa usingizini. Wengi wa waliokufa katika homa kuu ya mafua ya 1918 walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata nyuma ya kirusi. Ndivyo walivyoonyesha watafiti waliorudi kuchunguza vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa tangu wakati huo.

Mgonjwa anayejiweza apige mswaki mara mbili kwa siku, na ya usiku isikosekane. Msuwaki wa mti nao unafaa kwa aliyeuzoea. Asugue na ulimi, taratibu.

Kwa mzee wa kitandani kuna kazi zaidi, na inastahili muda wako kuliko kumkanda miguu. Huko Japani, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulifuatilia wazee katika makao 11 kwa miaka miwili: waliosafishwa kinywa kila baada ya mlo walipata nimonia asilimia 11, wasiosafishwa hivyo asilimia 19. Tafiti za makao ya wazee zilizofuata hazikukubaliana zote, lakini kwa wagonjwa mahututi wa hospitali, hasa walio kwenye mashine ya kupumulia, uchambuzi wa majaribio 15 uliotoka mwaka 2023 uliona kwamba kupigishwa mswaki kunaendana na nimonia chache kwa takriban theluthi moja. Ni mswaki tu, kitu cha bei ya soda.

Namna ya kufanya:

1. Mkalishe, au mwinue mto mgongoni mpaka awe nusu ameketi. Akishindwa kabisa, mlaze ubavu. Usimimine maji mdomoni mwa mtu aliyelala chali.
2. Toa meno ya bandia kama anayo. Yasuguliwe kwa mswaki na sabuni, yalale kwenye maji safi, yasilale mdomoni. Kwa wazee wa Tokyo wa miaka 85 na zaidi, waliolala na meno ya bandia walipata nimonia zaidi ya mara mbili kuliko waliotoa.
3. Tumia mswaki laini na dawa ya meno kidogo, kiasi cha punje ya harage. Anza na meno ya nyuma, upande wa shavuni, maana humo ndimo mabaki ya ugali na wali hujificha.
4. Mtemeshe kwenye bakuli. Kama hawezi kutema, futa kwa kitambaa safi kilichoviringishwa kidoleni, chenye unyevu tu.
5. Paka midomo mafuta. Osha mikono yako.

Vaa barakoa wewe ukifanya hayo, kwa sababu mzee akikohoa katikati ya kazi atakohoa usoni pako.

Na ile glasi ya bafuni yenye miswaki ya watu sita iliyolaliana vichwa? Itenganishe. Kila mswaki usimame peke yake, kichwa juu, ukauke kwa hewa. Kuuchemsha hakuna haja. Unabadilishwa kila baada ya miezi mitatu au minne, au nywele zikitawanyika.

Hatua ya 7: Kusukutua, na pa kuishia

Hapa kuna maneno mengi kuliko ushahidi. Jaribio ninaloliheshimu ni la Japani, la mwaka 2005: watu wazima 387 waligawanywa makundi matatu, moja likasukutua koo kwa maji matupu, jingine kwa dawa ya iodini, la tatu likaendelea kama kawaida. Baada ya siku 60, kundi la maji lilikuwa limepata mafua pungufu kwa asilimia 36. La iodini halikuwa na tofauti ya kutegemewa na wasiosukutua maalumu. Maji yalishinda dawa!

Kusukutua koo si sawa na kusukutua kinywa kwa udhu, ingawa anayetawadha mara tano kwa siku ameshapata mazoea. Tia funda dogo la maji safi, inua kichwa, acha yafike nyuma bila kuyameza, toa pumzi ili yabubujike kwa sekunde 15, tema. Rudia mara tatu. Fanya asubuhi, ukirudi nyumbani na kabla ya kulala.

Koo likiuma, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Inatuliza, haiui kirusi kilichokwisha kuingia kwenye seli. Mwenye shinikizo la damu asimeze. Watoto chini ya miaka 6 wasifanye, watapaliwa. Asali kwenye chai ni sawa kwa wote isipokuwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Dawa ya kufulia, spiriti, mafuta ya taa, iodini ya kidonda isiyochanganywa: hakuna hata kimoja kinachoingia kinywani. Mwaka 2020 walikuwapo watu, tena katika nchi tajiri, waliosema wamesukutua kwa dawa ya madoa, kitu kinachoweza kuunguza kinywa.

Mate ya kusukutulia yatemewe kwenye sinki au karo kisha yamwagiwe maji. Si uani pale watoto wanapocheza mdako.

Hatua ya 8: Pumulia pua, lainisha kinywa

Pua inachuja, inapasha joto na kulowesha hewa. Kinywa hakifanyi kazi hiyo vizuri. Pua ikiziba, inua kichwa kwa mto wa pili, penga upande mmoja mmoja, kunywa maji mara kwa mara. Mtoto mchanga adondoshewe maji ya chumvi ya dukani puani kabla ya kunyonya, maana hawezi kunyonya na kupumua kwa mdomo kwa wakati mmoja. Sigara na shisha ziachwe, hasa shisha, yenye mrija unaozunguka.

Hatua ya 9: Chungulia kinywani

Kinywa kinatoa habari mapema kuliko ngozi. Washa tochi ya simu, simama pembeni kidogo usije ukakoholewa, bonyeza ulimi kwa kishikio cha kijiko safi. Angalia:

*Madoa meupe madogo kama chembe za chumvi juu ya wekundu, ndani ya shavu, usawa wa magego.* Yanaitwa madoa ya Koplik, kwa jina la daktari wa watoto wa New York, Henry Koplik, aliyeyaeleza mwaka 1896. Ni dalili ya surua, na hutokea siku moja au mbili kabla ya upele. Mtoto mwenye homa, macho mekundu na madoa haya apelekwe zahanati, ila mtangulie kupiga simu au msubiri nje: kirusi cha surua huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Kadi ya kliniki iangaliwe. Kenya na Tanzania chanjo yake hutolewa miezi 9 na miezi 18.

*Uvimbe chini ya sikio unaouma akionja ndimu.* Matubwitubwi, yaani tezi ya mate yenyewe ndiyo iliyovamiwa. Abaki nyumbani siku 5 tangu uvimbe kuanza, na kikombe chake kiwe chake.

*Malengelenge pembeni mwa mdomo baada ya homa.* Watu husema malaria "imetokea mdomoni". Ni kirusi cha malengelenge kilichokuwa kimelala mwilini, homa yoyote inaweza kukiamsha. Asimbusu mtoto mchanga mpaka yakauke.

*Ladha imepotea ghafla.* Onja chumvi, nusa kahawa. Kama vyote havina kitu na pua haijaziba, fikiria korona, pima.

*Rangi ya ulimi na fizi.* Kwa ngozi nyeusi, midomo ya nje hudanganya. Chungulia ndani ya mdomo wa chini, fizi na ulimi. Vikiwa vya kijivu au bluu badala ya uwaridi, oksijeni imepungua, na safari ya hospitali ni sasa hivi.

Hatua ya 10: Usingoje

Antibiotiki hazitibu kirusi. Usinunue vidonge viwili viwili dukani kwa ajili ya mafua. Aspirini asipewe mtoto mwenye homa ya virusi. Kikohozi kikizidi wiki mbili, omba kipimo cha kifua kikuu.

Nenda kituo cha afya bila kusubiri kesho kama mtu mzima anashindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, anachanganyikiwa, ana maumivu ya kifua, au homa iliyokuwa imeshuka imerudi kwa nguvu na makohozi ya kijani au yenye damu. Kwa mtoto: hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea, ana degedege, au chini ya mbavu panaingia ndani kila anapovuta pumzi.

Pumzi za mtoto unaweza kuzihesabu mwenyewe. Mpandishe fulana, tazama tumbo, hesabu kwa dakika nzima ya saa akiwa ametulia, si anapolia wala kunyonya. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka, ni 50. Kuanzia mwaka hadi kabla ya miaka 5, ni 40. Ukifika idadi hizo, rudia kuhesabu mara moja kuhakikisha, kisha mbebe mwende.